Mwaka Papa Alipoushusha Mlingoti

Enzi zetu, sisi tuliokulia Saint Paul kabla kila mtoto hajapewa simu yake, majira ya baridi yalianzia puani. Unafungua mlango asubuhi kwenda kusubiri basi la njano la shule, unavuta pumzi moja tu, na pua inakauka ndani kama imepakwa gundi. Makoti tulipewa kanisani, yote ya watu wazima. Langu lilinifika magotini, na ndani yake tungeweza kuenea mimi na mdogo wangu Furaha pamoja. Jioni tuliteleza kwenye kilima cha theluji tukiwa tumekalia maboksi ya ndizi tuliyookota nyuma ya maduka ya University Avenue, kisha tukarudi nyumbani Frogtown tumelowa chepechepe. Mama alikuwa ametuandalia ugali na sombe, yaani kisamvu, yenye ndagala, na mvuke wa sufuria umeziba madirisha yote. Watoto wa leo, theluji ikifika kifundo cha mguu, wanauliza kama shule imefungwa.

Lakini mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni ule Papa, baba yetu, alipopewa mashua.

Kule Kalemie, Papa alikuwa nahodha. Aliendesha mashua ya tanga kwenye Ziwa Tanganyika, akabeba unga, sabuni na abiria, na watu wazima walimpisha njiani. Tulipofika Minnesota alipata kazi katika kiwanda cha kufungasha nyama, na sauti yake ikapotea. Kila alichoambiwa kwa Kiingereza alijibu "yes, yes," hata kama hajaelewa neno. Siku moja aliitwa shuleni kwa habari ya Furaha na ugomvi. Akasema yes kwa kila swali, akatia sahihi karatasi ya adhabu ya Furaha, akarudi nyumbani. Kumbe Furaha ndiye aliyepigwa.

Bibi Karen alikuwa mjane wa Maplewood aliyemfundisha Mama Kiingereza kila Jumanne kanisani. Nyumba yake ilipakana na ziwa dogo, na marehemu mume wake alikuwa amemwachia mashua ya tanga ambayo hakuna tena aliyeigusa. Aliposikia Papa alifanya kazi gani zamani, alimwambia aichukue iwe yake, ila ibaki palepale kwake, kwa sababu sisi hatukuwa na pa kuiweka. Kiangazi kile chote, kila Jumapili baada ya ibada, tulikuwa majini. Papa alikaa nyuma, mkono kwenye usukani, akitupigia kelele: "Neema, inama! Furaha, legeza kamba!" Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikuwahi kusikia kelele tamu kama zile.

Ikafika Oktoba. Majani yakaanguka, na mashua ikavutwa nchi kavu ikawekwa juu ya trela, nyuma ya nyumba. Jirani wa Bibi Karen alikuwa shemeji yake, Dale, mzee mrefu mwenye mashua yake mwenyewe. Papa alipoanza kukagua nyaya zinazoshikilia mlingoti, Dale aliruka uzio akaja.

"Huo mlingoti uache umesimama," alisema. "Kaka yangu hakuwahi kuushusha. Kuushusha ndiko kunakoivunja milingoti. Pini zinapotea, nyaya zinajikunja, mtu anaumia bure."

Nilimgeukia Papa nikingoja ile "yes" yake.

"No," alisema Papa.

Mimi mwenyewe nilishtuka. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. "Mwambie ya barafu yeye anayajua kunipita. Lakini upepo naujua. Mlingoti ukisimama miezi yote hii, upepo unautikisa mchana na usiku. Na kule juu, nani anapanda kuangalia kama kuna kilichochoka? Tuulaze chini, tuuone wote."

"Na ukivunjika?" Dale aliuliza.

Papa alimtazama Bibi Karen, aliyekuwa amesimama mlangoni na sweta ya marehemu begani. "Ukivunjika, mashua nairudisha kwake. Na sitagusa nyingine tena."

Nilitafsiri na hilo, ingawa nilitamani nisilitafsiri.

Garini Mama alimwandama njia nzima. "Mais, lakini wewe, Baba Neema! Watu wamekupa chombo bure, unaanza kuwafundisha? Ukivunja utamtazamaje yule mama?"

"Walinipa chombo," Papa alisema. "Kukilinda sasa ni kazi yangu."

Jumamosi iliyofuata lilikuja kanisa. Nasema kanisa kwa sababu ilitosha kumpigia simu mwimbaji mmoja tu, na wanaume sita wa kwaya wakafika na wake zao na masufuria. Alikuja pia Auntie Wanjiru, nesi Mkenya, na mkoba wake wa dawa. "Mimi nimekuja ku-stand by tu," alisema. "Mtu akivunjika mguu, msiseme siku-warn."

Dale alisimama kwenye uzio wake na kikombe cha kahawa.

Papa alikuwa amefunga kamba ndefu mbele ya mlingoti. Wanaume wanne waliishika, wawili wakapanda nyuma ya mashua kuupokea, naye akafungua waya wa mbele. Mlingoti ukaanza kulala kuelekea nyuma, taratibu, kama mtu mzima anayeketi. Ulipofika nusu, upepo ukatoka ziwani. Ncha ya juu ikayumba kushoto. Mmoja wa waliokuwa kwenye kamba akateleza kwenye majani yaliyolowa, akaanguka chali, kamba ikawaponyoka wenzake kama urefu wa kiganja.

"Shika!" Papa alinguruma. "Msivute! Shikeni tu!"

Sijui Dale alielewa vipi. Nilichoona ni kikombe kinaruka na mzee anaruka nyuma yake, na mara mikono yake mikubwa imo kwenye kamba katikati ya wanakwaya. Mlingoti ukasimama hewani, umeinama, ukitetemeka.

"Sasa legeza," Papa alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Legeza... legeza... bado... legeza."

Ukalala juu ya vigoda vya mbao alivyoviunda mwenyewe, bila mkwaruzo. Mama, yule yule aliyenung'unika kutoka Maplewood hadi Frogtown, alipiga vigelegele mpaka mbwa wa majirani wakaitikia.

Kazi haikuishia hapo. Papa alimwomba Mama soksi zake ndefu za nailoni, akatupa mimi na Furaha moja moja. Tuzipitishe kwenye kila waya, mwanzo hadi mwisho, polepole, na ikinasa mahali tumwite. Furaha alimaliza wa kwake akakimbilia chapati. Mimi nilifika kwenye ule wa kushoto, karibu kabisa na kilele cha mlingoti, na soksi ikakwama.

"Papa, inanasa!"

Alikuja akapiga magoti. Akausugua waya kwa kidole gumba, akaupinda kidogo. Pale unapoingia kwenye chuma cha kilele, nyuzi zake zilikuwa zimekatika, moja hapa, nyingine pale, zimeshika kutu. Zilizobaki nzima zilikuwa chache. Alimwita Dale kwa mkono, akampa soksi.

Dale aliipitisha. Ikanasa. Akainama akaangalia kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, akamtazama Furaha aliyekuwa anatafuna chapati, na rangi ikamtoka usoni. Waya ule ndio uliokuwa umeshikilia mlingoti juu ya vichwa vyetu kiangazi chote.

Alivua kofia. "Neema," alisema, "muulize baba yako kama Jumamosi ijayo ana nafasi. Wangu nao ushuke."

Nilifungua mdomo nitafsiri, lakini Papa alikwisha kujibu. "Yes," alisema. Na safari hii alikuwa ameelewa kila neno.

Barafu ilipoyeyuka, mlingoti ulisimamishwa na waya mpya. Kwaya iliimba ufukweni, Bibi Karen akakaa mbele kabisa ya mashua, macho yamemjaa machozi na mdomo umejaa kicheko. Mwaka uliofuata Papa aliacha kiwanda cha nyama akaajiriwa kwenye karakana ya mashua. Na alipoitwa tena shuleni, alikwenda na maswali yake mwenyewe. Mwalimu ndiye aliyekuwa akisema yes.

Siku hizi mimi ni mama wa watu Burnsville, na Oktoba ikifika naendesha gari kupanda barabara kuu ya I-35E kwenda kwenye mashua ileile, ziwani palepale. Watu wengi sasa wanakodi mashine na mafundi. Wengine wanagombana mtandaoni kurasa na kurasa kama mlingoti ushushwe au uachwe, watu wasiowahi kuonana wanatukanana kwa ajili ya mlingoti! Binti yangu Imani alinionyesha video. "Mom, this guy says leave it up," alisema. Nikamwambia avae glavu.

Bibi Karen na Dale wamekwisha kupumzika. Wanakwaya wetu wametawanyika Iowa na Texas kufuata kazi. Zamani simu moja ilileta kanisa zima na masufuria yake. Mwaka huu niliandika kwenye grupu la WhatsApp wiki nzima, nikapata mioyo myekundu kumi na nne, na watu wawili, mmoja akiwa na zamu hospitalini saa nane.

Papa sasa magoti hayamruhusu. Tulimweka kwenye kiti na blanketi, nikajua atatoa amri kutoka pale. Hakutoa hata moja. Nilifungua waya wa mbele mwenyewe, upepo ukatoka ziwani, na nikasikia sauti yangu ikivuka maji: "Legeza... legeza..." Enzi zetu tulikuwa wengi sana kwenye kamba ile. Mwaka huu, Imani akiwemo, tulikuwa wanne, na tuliushusha.