Ufunguo Niliompa Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala bisibisi. Mtunza stoo wa kampuni yetu ya lifti, huko Southall, ughaibuni, alinisogezea kufuli nyekundu juu ya meza, na ufunguo mmoja. Nikasimama nikingoja wa akiba. Akasema hakuna. Kila kufuli mpya ikifika, ufunguo wa pili huvunjwa kwa nyundo. Nikadhani ni ubahili tu. Nilikuwa nimetoka Mombasa miezi michache nyuma, na kazi nilizozijua mimi, funguo zote hukaa kwa bosi.

Aliyenieleza ni Fundi Mkuu, Bwana Harjit, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa akisema Kiswahili kunishinda kwa kasi.

"Hiyo ndiyo roho yako, Athumani," akaniambia. "Kabla hujaingia chini ya lifti, unazima swichi kuu, unaitia kufuli yako. Ufunguo unakaa mfukoni mwako. Akija meneja, usimpe. Hata mimi nikikuomba, usinipe."

Nyinyi mnaobonyeza kitufe na kusimama mkitazama simu, acheni niwaambie mnapanda nini. Lifti ni kibanda kinachoning'inia kwa kamba za chuma ndani ya njia iliyosimama wima, tunayoiita shafti. Upande wa pili wa kamba kuna mzigo mzito wa vyuma, tunauita mizani, ili mota isiubebe uzito wote peke yake. Juu kabisa kuna chumba cha mashine, na ndani yake swichi kuu. Chini kabisa kuna shimo, lenye springi kubwa za kukipokea kibanda kikipitiliza. Fundi akiwa shimoni na kibanda kikashuka, hana pa kusimama.

Mimi ni mwoga, na silifichi. Nilitibu lifti za hospitali, za fleti za manispaa kule Kilburn, za ofisi za vioo katikati ya jiji, na kila nilipoingia shimoni niligusa kwanza mfuko wenye ufunguo. Wenzangu walinicheka. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nilichagua kicheko.

Fundi Mkuu hakuwa mwoga hata kidogo. Ugonjwa wake ulikuwa matajiri wa Kimarekani, wale wa zamani, wa reli na chuma na mafuta. Kila mapumziko ya chai alitoa darasa. Kwamba mfalme wa chuma hakutosheka na viwanda. Alinunua machimbo, makaa, meli na reli, ili asimngoje mtu. Kwamba mfalme wa mafuta alitaka visima, mabomba na hata mapipa yawe yake, kwa sababu hiyo hiyo.

"Na sisi mafundi wa lifti ndio tuliowapandisha," alisema, akichovya biskuti. "Zamani ghorofa ya juu ilikuwa ya watumishi, maana nani tajiri apande ngazi? Chuma kikajenga maghorofa marefu, lifti ikaja, tajiri akahamia juu. Amerika yote imejengwa na watu wasiongoja."

Siku moja nikamuuliza, "Na waliokuwa chini, mzee? Waliochimba, waliolaza reli?"

"Walilipwa," akasema, akainuka kuosha kikombe.

Sikubishana. Bwana Harjit ndiye aliyenitafutia kazi ile. Nilipofika sina pa kulala alinipa chumba nyumbani kwake, mkewe akinipikia mboga na chapati mpaka nikanenepa. Nilipooa nikapanga Kilburn, yeye ndiye aliyenidhamini kwa mwenye nyumba. Mtu kama huyo, mtoto wa watu humwambii hapana.

Sasa niwaambie kuhusu nyumba ya ghorofa sita, mtaa wa wakubwa, karibu na bustani. Ilinunuliwa enzi hizo na tajiri wa reli wa Kimarekani, ikabaki mikononi mwa ukoo wake. Tulipewa kuifanya upya lifti yake. Mrithi mwenyewe alikuwa anakuja kutoka New York kuiona, na kazi ilikuwa imechelewa. Kwa muda wa wiki nzima Fundi Mkuu hakula vizuri. Alitembea chumba hadi chumba akisema, "Huyu ni damu ya watu wasiongoja."

Siku ya mgeni kufika, zilibaki nati za springi, kule shimoni. Swichi ndogo ya shimoni, ambayo fundi huizima akiwa palepale chini, ilikuwa bado haijaungwa. Kilichokuwepo cha kunilinda ni kufuli yangu tu, niliyokwisha kuitia kwenye swichi kuu huko juu, ghorofa sita kutoka kichwani mwangu.

Fundi Mkuu alinikuta mlangoni mwa shafti na tochi yangu.

"Nipe ufunguo," akasema. "Mimi nakwenda juu. Ukishatoka tu, nawasha. Ukingojwa wewe upande ngazi zote hizo, mgeni atazeeka."

"Mzee, si wewe uliyesema—"

"Nilisema. Leo nasema nipe." Akanyoosha mkono. "Athumani, mimi baba yako. Nitakuua?"

Vijana wa siku hizi mngesema hapana na mambo yakaisha. Mimi sikulelewa hivyo. Kwetu ukimkatalia mzee usoni, umemvua nguo. Mke wangu Zuhura alikuwa nyumbani na mimba ya miezi minane, na mwenye kazi ile alikuwa ndiye aliyenyoosha mkono. Mkono wangu ukaingia mfukoni. Mlikuwa na funguo mbili za shaba: wa kufuli, na wa mlango wangu wa Kilburn. Ukatoka na wa mlango. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Nikashuka shimoni na hofu mbili. Ya kwanza ile ya kila siku. Ya pili, kwamba atakapofika juu na kuona ufunguo hauingii atajua nimemdanganya, na hapo kazi, udhamini na heshima vyote vimekwenda. Nilikaza nati huku nikitunga maneno ya kujitetea. Nitasema nilikosea. Nitasema giza.

Nati ya tatu ilikuwa inakataa. Ndipo nikasikia juu, mbali, chuma kikigonga chuma. Shafti husafirisha sauti vizuri kuliko simu. Kikagonga tena, kisha kikakwaruza, kwa nguvu, kama mtu anayelazimisha.

Nilielewa mara moja. Nilikuwa bado shimoni na mtu alikuwa anaifungua kufuli yangu.

Nilitaka kupiga kelele, sikuthubutu. Nikajilaza kwenye kona, mgongo kwenye mafuta machafu, macho juu kwenye sakafu ya kile kibanda kilichosimama ghorofa ya pili. Nikasoma kila sura niliyoikumbuka, nyingine nusu. Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada ya siku ile. Kukwaruza kukaendelea. Kisha kukanyamaza.

Nilipotoka, mgeni alikuwa ameshafika. Tajiri wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la mvua la kawaida kabisa. Msimamizi wa nyumba alikuwa anamwomba radhi kwa ajili ya lifti. Mzee yule akasema hakuna tabu, daktari wake amemwambia apande ngazi. Akanitazama nilivyopakaa mafuta, akaniuliza kama huko chini ni baridi. Nikasema kidogo. Akapanda zake kwa miguu, polepole, akishika ukuta.

Walipishana ngazini na Fundi Mkuu, akishuka, amelowa jasho. Alinitazama kama anayeona maiti imesimama.

"Umeshatoka," akasema.

"Nimetoka sasa hivi, mzee."

Akanirudishia ufunguo. Ulikuwa umepinda. Nikapanda juu na ufunguo wa kweli, nikafungua kufuli. Tundu lake lilikuwa limechubuka pande zote. Jioni nikagonga mlango wangu mwenyewe kama mgeni, Zuhura akanifungulia.

Baada ya hapo niliishi na wasiwasi kwa miaka. Nilikuwa na hakika kwamba anajua nilimdanganya na anangoja siku ya kunitoa. Badala yake alinipa kazi nzuri, akanisifu kwa mameneja, mtoto alipozaliwa akaleta kitanda. Kila wema ulinizidishia hofu. Habari za matajiri hakuzitaja tena. Akastaafu, nikashika nafasi yake, na mwaka huu nami nimerudisha vifaa vyangu. Binti yangu Rukia yuko kwenye ghala la tajiri mwingine wa Kimarekani, huku Ilford tulikohamia. Mkononi amefungwa kidude kinachompigia mlio akisimama. "Dad, it's fine," ananiambia. Silali vizuri.

Mwezi uliopita nilipanda treni nikaenda Southall kumwona Bwana Harjit. Anaishi chini siku hizi, magoti hayataki ngazi. Mkewe alituwekea chai akatuacha.

"Athumani," akasema, "kuna jambo limenila roho. Siku ile sikukuuliza kama umetoka. Ningeita tu, shafti ingekufikishia. Sikuita kwa sababu nilijua utasema bado." Akakitua kikombe. "Mungu akaigandisha ile kufuli. Kila siku nilingoja uniripoti."

Kumbe hakujua. Na yeye miaka yote hiyo alikuwa ananiogopa mimi.

"Mzee, kufuli haikuganda," nikasema. "Nilikupa ufunguo wa nyumba yangu."

Akaisukuma chai yake kando. Nikaona imemuuma.

"Basi hukuniamini."

"Nilikuamini siku ya kwanza kabisa, mzee. Wewe ndiye uliyeniambia hata wewe nisikupe."

Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akanyoosha mkono, ule ule. "Unao bado? Nipe."

Nimeubeba kwenye shada langu la funguo tangu siku ile. Nikautoa, umepinda vile vile, na safari hii nikampa ufunguo aliouomba.