Maiti Aliyesahihisha Kilio Chake

Maiti aliinuka kitandani, akatupa shuka pembeni, akanyoosha mkono juu na kufoka:

"Simameni hapo! Mmeshuka!"

Nilikuwepo. Kijijini Nanganga, mwaka 1978, mchana kweupe, jua linachoma kichwa. Msije mkasema Dotto ameanza mambo yake.

Wanaonijua wanajua mimi na umbea tumenyonya titi moja. Nilikuwa na mgahawa pale sokoni Nachingwea, chai na mihogo ya kukaanga, na mabenchi yangu hayakuwahi kukaa tupu. Habari ambayo haikupita kwangu, hiyo bado haijafika mjini.

Lakini hii sikuhadithiwa. Nilikuwa pembeni ya kitanda, nimejifunika kitambaa usoni, nalia machozi ya uongo.

Maiti mwenyewe alikuwa Mwalimu Saturnini.

Mngoni wa Songea, alihamishiwa kwetu kufundisha. Ndiye aliyekuwa anatuongoza kwenye kwaya ya parokia, na nyimbo alizotunga zilikuwa zinaimbwa kuanzia Nachingwea mpaka Ruangwa. Mimi nilikuwa sauti ya tatu.

Mtu mzuri, ila sikio lake lilikuwa ugonjwa.

Hasani muuza samaki akipita anaita, "Samakiii, samaki wabichiii!", Mwalimu anaacha chai yake.

"Hasani, hapo mwisho unashuka. Panda kidogo."

"Mwalimu, unanunua au unasahihisha?"

"Panda kwanza, nitanunua."

Na Hasani anapanda! Soko zima hoi kwa kicheko.

Sasa bwana, Mwalimu akapata nafasi ya kwenda Dar kusomea muziki zaidi. Wakubwa wa huko wakamwazima mashine ya kurekodi na kumpa sharti moja: aje na nyimbo za kilio za akina mama wa huku kwetu. Hakuna aliyewahi kuzirekodi. Akizikosa, nafasi anapewa mwingine, yeye abaki na sisi wala mihogo.

Kazi ikawa hapo.

Kiongozi wa kilio huku kwetu alikuwa Bibi Sikuzani wa Nanganga. Mwalimu alimwendea na baiskeli mara nyingi mpaka matairi yakaisha. Jibu lile lile:

"Kilio hakiimbwi pakavu, baba. Unataka nimwite nani afe?"

Akajaribu kwenda kwenye msiba wa kweli, mashine begani. Akina mama wakamtoa mbio na miiko ya ugali. Alifika mgahawani ana nundu kwenye paji la uso.

Akanywa chai. Halafu akasema, "Dotto, nakufa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nakufa Jumamosi."

Nikakaa chini.

Mpango ulikuwa huu. Afie kwa Eustakio, mwenzetu wa sauti ya nne, ambaye nyumba yake iko Nanganga. Tutangaze homa imemkamata njiani. Mashine iwe chini ya kitanda, imefunikwa na gunia. Akina mama waje, walie. Kisha tuseme gari la kumpeleka kwao Songea limefika barabarani, tumbebe, basi. Wiki inayofuata yuko Dar. Nani wa Nanganga atamwona tena?

"Mwalimu, huu ni wendawazimu," nikasema.

"Kwa hiyo huji?"

"Nani kasema siji? Nitakosaje msiba kama huo!"

Jumamosi ikafika. Eustakio akatoka nje akapiga yowe. Jamani, yule bwana alikuwa na kipaji cha kuigiza. Alijirusha mpaka akachana suruali.

Watu wakamiminika. Akina mama wakajaa chumbani, wakakaa chini kwenye mikeka. Bibi Sikuzani akakaa miguuni pa marehemu, akainamisha kichwa, akaanza.

Sitawaficha. Nywele zilinisimama. Sauti ilitoka chini kama mtu anayejikokota, wengine wakaidaka, ikapanda, ikavunjika, ikaanza upya. Nilikuwa najua kitandani hakuna maiti, lakini machozi yangu ya uongo yakaanza kuwa ya kweli.

Hapo ndipo nikaona.

Kidole gumba cha mguu wa marehemu kilikuwa kinapiga mapigo.

Juu, chini. Juu, chini. Shuka linatikisika kidogo kidogo, sawasawa na wimbo.

Nikamtazama Bibi Sikuzani. Naye alikuwa anakitazama kidole.

Nikajua tumekwisha.

Bibi alimgusa mwenzake goti, akamwonyesha kwa jicho. Yule akamgusa wa pili. Jicho likazunguka chumba kizima. Halafu, ndugu zangu, sijawahi kusikia uchafu kama ule. Huyu anaimba juu, yule chini, mmoja anapiga makofi mahali pasipo na makofi, mwingine anavuta neno mpaka linakatika. Makusudi kabisa!

Kidole kikasimama. Mguu ukakakamaa. Chini ya shuka nikasikia meno yanasagana.

Nikanong'ona, "Vumilia, Mwalimu, vumilia."

Wapi. Ndipo maiti akainuka.

"Simameni hapo! Mmeshuka! Tena huyu mama wa mlangoni amepoteza mapigo tangu mwanzo!"

Waliokuwa nje wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Eustakio, aliyejua mpango wote, ndiye alikuwa wa kwanza kupita dirishani.

Lakini akina mama wa mikekani hawakuondoka. Walikuwa wanacheka mpaka wameshikana mabega.

Bibi Sikuzani peke yake hakucheka.

"Marehemu," akasema, "kaa kitako."

Mwalimu akakaa, shuka mapajani.

"Umetudanganya, hilo tutakushughulikia. Kuna kubwa zaidi. Kilio tumeshakifungua. Hapa kwetu kilio hakiachwi hewani, kitatafuta cha kuchukua. Lazima kimfikie mtu. Kwa hiyo tuambie. Kwenu nani alikufa na wewe hukumlilia?"

Mwalimu akainamia shuka lake.

Mimi jibu nilikuwa nalijua. Mwaka uliotangulia ilikuja taarifa kwamba mama yake amefariki, tena amekwisha kuzikwa. Jioni ile ile Mwalimu alikuja mazoezini kama kawaida. Alitukaririsha mstari mmoja mpaka tukamchukia. Nami mgahawani nilisema wazi, huyu mtu moyo wake ni jiwe.

"Mama yangu," akasema.

"Jina lake?"

"Felomena."

"Alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba siku nzima, Bibi. Lakini alikuwa anashuka."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Nilikuwa kijana, nimetoka seminari, najiona najua. Akaacha kuimba nikiwepo."

Hata wale waliokuwa wanacheka walijifuta macho wakatulia.

"Basi leo tutashuka naye," akasema Bibi. "Na wewe nyamaza."

Wakamwimba Felomena. Walimwita kwa jina, wakamwuliza kwa nini ameondoka mwanawe hayupo, wakamsifia mikono yake ya kulima. Walishuka kweli, kila mwisho wa mstari. Nilimtazama Mwalimu nikisubiri ainue mkono.

Mkono haukuinuka. Alilia, bwana. Mwanamume mzima, makamasi mpaka kidevuni, kwa sauti kubwa isiyo na mpangilio wowote.

Mimi umbea haulali. Nikaivuta mashine kutoka chini ya kitanda. Bibi akaiona.

"Hicho kidude ndicho kilichomuua?"

"Ndicho, Bibi."

Nikadhani atakipiga teke. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Kisogeze kwangu. Ukikiweka kwa huyu wa mlangoni kitaharibika."

Tulikaa pale mpaka jua likakaribia kuzama. Adhabu ya uongo ilikuwa mbuzi na ugali wa kuwatosha waombolezaji wote, nami nilisonga mpaka viganja vikachubuka. Nyumba ilijaa mpaka uani. Msiba mtamu kama ule sijauona tena.

Mwalimu akaenda Dar. Alipokuja likizo akatusimulia. Wakubwa walisikiliza mkanda, mpaka mmoja akasimamisha mashine.

"Nyimbo ni hazina. Lakini kuna mwanamume analia juu yake, anaharibu. Huwezi kumtoa?"

"Siwezi," akajibu Mwalimu. "Huyo ndiye mwenye msiba."

Wakampitisha. Akawa mtu mkubwa wa muziki, anaalikwa huku na kule. Ila Nanganga akikanyaga, watoto wanakimbia kutangaza, "Marehemu amekuja!"

Siku moja nilimbana Bibi Sikuzani. "Bibi, na kama asingekufa, usingemwimbia kamwe?"

Akanitazama kama mtoto mjinga.

"Ningemwimbia siku ya kwanza. Alikuja akaniambia anataka nyimbo za msiba. Nikamwuliza, msiba wa nani? Akasema, wa mtu yeyote tu, Bibi." Akatema mate pembeni. "Mtu yeyote simjui mimi. Angemtaja mama yake, ningeimba pale pale na jembe mkononi."

Hilo ndilo nawaachia, wasomaji wangu. Ukienda kuwaomba watu kitu chao cha moyoni, usiende kama afisa. Nenda na jina la mtu wako.