Vidonge vya Chafya na Kifua cha Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mikorosho ya Makurunge imechanua, nami nimeketi na kitambaa puani, chafya juu ya chafya. Kila msimu wa maua ndivyo nilivyokuwa. Dresa wa zahanati alikuwa amenipa vidonge vya chafya, na haki ya Mungu vilinifaa: pua ilikauka, macho yakaacha kuwasha. Ila usingizi wake! Niliweza kusinzia huku nakuna nazi.

Mdogo wangu Zuhura alikuwa na pumu, na maua hayohayo ndiyo yaliyomzidishia. Nyumbani hatukulitaja neno hilo, maana alikuwa mwali, kawekwa ndani, harusi imebaki juma moja. Mama aliogopa wakwe wakisikia wataivunja posa, basi zahanati hakupelekwa. Babu yetu, naye mwenye pumu, alikuwa akivuta majani makavu ya mnanaha. Yalimfungua kifua kweli, lakini siku moja alizidisha akashinda anabishana na ukuta. Hayo Zuhura tukamkataza.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kumfukiza mwali. Nikatia udi kwenye chetezo, nikamfunika nguo gubigubi ili moshi umkolee. Haukupita muda nikasikia kifua kinalia filimbi. Kumfunua, anahangaika na pumzi. Nami nikajiona mjuzi: maua ni yaleyale, sisi ni wa tumbo moja, dawa itakuwa ileile. Nikampa vidonge vyangu viwili, nikamwambia alale. Akalegea, akasinzia, na filimbi ikaendelea. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mwanangu, sijapata kuogopa vile tena.

Aliyetuokoa ni mmoja wa walewale tuliokuwa tukiwaficha habari. Shangazi yake bwana harusi alikuja na kapu la nguo za bibi harusi, akapiga hodi, akaingia, akaona. Akakitoa chetezo nje, akafungua madirisha, akamkalisha Zuhura wima, nami akanituma mbio kwa dresa.

Dresa alikuja nami, akamchoma sindano, kifua kikafunguka taratibu. Akamwachia vidonge vya pumu, akaonya kwamba hivyo huupeleka moyo mbio na kufukuza usingizi, asizidishe. Kisha akakishika kichupa cha vidonge vyangu vya chafya.

"Hivi hukausha pua. Mirija ya kifua ikibana, havifungui. Umemlaza mtu asiye na pumzi."

Nililia kwa aibu. Shangazi akamgeukia mama. "Dada, sisi tumemposa yeye na kifua chake. Mngetuambia, udi tungeuacha."

Harusi ilifanyika, bila udi wala asumini. Bibi harusi alinukia sabuni tu, na watu wakasema wanayosema watu. Zuhura alizaa watoto watano.

Basi sikiliza. Ya puani na ya kifuani huja msimu mmoja, lakini dawa zake si moja. Usimpe mwenzio kidonge chako kwa kuwa wewe kilikufaa. Dawa ya zamani usiidharau, wala usiiamini bila kujua kipimo chake. Na pumu usiifiche kwa kuogopa wakwe. Wakikukataa, utakuwa umekataliwa ukiwa hai.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na watu wa kuwaambia inapokatika.