Spika ya Katikati

Kazini walimwita Bi Waya, kwa kuwa hakuna waya uliopita mikononi mwake asijue unakotoka na unakokwenda. Yeye na mumewe walikuwa na karakana ndogo ya kufunga sinema za majumbani. Mume aliunda kompyuta za kuchezea filamu. Mke alizifundisha kuona na kusikia, akizipachika kodeki, vile vijiprogramu vinavyofungua picha na sauti zilizobanwa ndani ya faili. "Mimi nazaa, mke wangu analea," mume alizoea kuwaambia wateja.

Kisha mume akafa ghafla. Udongo wa kaburi haujakauka, wifi yake, yule wa undugu, si ile ya mtandao, akaja na pikapu. Akabeba sofa, projekta, spika zote, na kompyuta nyeusi ambayo marehemu aliiunda kwa ajili ya sebule yao wenyewe. Humo ndani zilikuwamo video za miaka yao yote: mume akipika huku anaimba vibaya, mume akimtania mkewe, mume akilala mdomo wazi.

Kwenye kikao cha familia Bi Waya alisimama ajieleze. Wifi akamkata kauli kabla hajafika popote.

"Keti, wifi. Hivi ni vitu vya kaka yangu. Wewe ulikuja tu. Huna neno hapa."

Bi Waya akamtazama baba mkwe wake. Mzee akainama, akawa kama mtu anayekagua vidole vyake vya miguu. Basi akaketi, na lile neno alilonyimwa likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo hakulia tena. Hasira ilimkausha machozi. Asubuhi aliamka nayo, jioni akalala nayo, na alipokuwa akichomelea nyaya alijikuta ameuma meno mpaka taya linauma.

Mwenye subira hula mbivu. Siku moja simu ikaita.

"Wifi yangu, umetupotea sana," wifi alisema, sauti laini kama siagi iliyoachwa juani.

"Sijapotea. Mnajua nilipo."

Shida ikajieleza yenyewe. Kuna mjuaji aliifuta kompyuta nyeusi programu zake na kuweka mpya, na sasa picha inakwenda kwa kushtukashtuka, sauti hakuna kabisa. Mafundi wamekuja, wamekuna vichwa, wameondoka. Na Jumapili ukoo mzima unakuja kutazama video ya sherehe ya wifi kusimikwa uenyekiti wa chama cha akina mama.

"Nitakuja," Bi Waya akasema.

Alikwenda Jumamosi asubuhi. Alikaribishwa kwenye sofa lake mwenyewe. Alilitambua kwa doa la wino kwenye mkono wa kulia. Hakulikalia, akachuchumaa mbele ya mashine. Kwanza alitafuta video za mumewe. Zilikuwapo, salama, kwenye diski ya pili. Akashusha pumzi.

Kazi yenyewe haikumsumbua. Akaweka kodeki zilizokosekana, akaielekeza kadi ya picha ibebe mzigo ambao prosesa ilikuwa ikiubeba peke yake, na picha ikatulia. Akatoa sauti kwenye televisheni ilikokuwa imepotelea, akaipeleka kwenye amplifaya. Hapo angeweza kufunga mkoba wake aende zake.

Hakufunga. Aliipa mashine amri ya kugawa sauti: maneno ya watu yaende spika ya katikati, muziki na makofi yaende za pembeni na za nyuma. Kisha akaishusha spika ya katikati mpaka mwisho, ikawa bubu. Ulininyima neno, aliwaza, nami nitakunyima lako, tena mbele ya walewale.

Akajaribu kwa filamu ya mashindano ya magari. Matairi yakalia kutoka sikio hadi sikio. Wifi akapiga makofi.

"Mungu akupe maisha marefu, wifi."

"Amina," akajibu, na aliimaanisha. Alitaka sana kuiona kesho.

"Na kesho uje. Ukae pale nyuma, mashine isije ikatuchezea."

Jumapili mchana sebule ilijaa. Wifi alikaa katikati, kilemba kimesimama. Picha ikatokea, inang'aa kama maji. Vifijo vikatoka kila upande, ngoma ikapiga, mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wifi wa kwenye skrini akakamata kipaza sauti, akafungua kinywa.

Kimya. Midomo inakwenda, kidole kinanyooshwa, kifua kinatunishwa, neno halitoki. Kisha ghafla makofi yakalipuka nyuma ya vichwa vya watu, kana kwamba wanashangilia ububu. Binamu mmoja akabana kicheko, kikamponyoka. Sebule nzima ikafuata.

"Wifi! Kulikoni?" Kilemba kilikuwa kimeanza kulegea.

"Spika ya maneno nimeifunga," Bi Waya alisema akiwa ameketi. "Nitaifungua nikimaliza kusema. Siku ile nilikuwa sijamaliza."

Akasimama. Akaeleza kitu kimoja kimoja: walikinunuaje na mumewe, nani alikibeba, nani aliona akanyamaza. Alipofika kwa aliyenyamaza alimtazama baba mkwe usoni.

"Umeniaibisha nyumbani kwangu," wifi akanong'ona.

"Ndiyo. Nilikusudia."

Mzee akakohoa. "Mashine ni yako, mwanangu. Ilikuwa yako siku ile pia. Niliogopa kelele za binti yangu."

"Na vingine, baba?"

"Vyote."

Bi Waya akaipandisha spika ya katikati, kama alivyoahidi. Hotuba ikasikika yote, ndefu, na hakuna aliyeisikiliza.

Vitu vilirudi kwa pikapu ileile. Wapo ndugu waliosema alizidisha, kwamba angeomba kwa upole angepewa. Aliwauliza tu walikuwa wapi alipoomba, na hakumwomba mtu radhi. Siku ya kwanza alifungua video ya mume anayeimba vibaya, akaongeza sauti mpaka majirani wakachungulia.

Wifi alinunua mashine nyingine. Hawasalimiani. Inasemekana mpaka leo, hata umeme ukikatika mtaa mzima, husonya na kusema, "Ni yule mwanamke."