Nilipima meza nikasahau mwendo wake: milling machine ya Papa na tundu la ukutani

Wakuu, natumaini mko salama huko mliko.

Huwa nasoma tu nyuzi zenu za mashine kuukuu, nacheka, naondoka kimya kimya. Leo naweka ya kwangu. Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, na shahidi wangu ni Mama, mtu asiyependa uongo hata wa kuchekesha.

Mimi ni mwanamke, fundi wa chuma, niko Masisi, Kivu ya Kaskazini. Najua kuna watakaoanza, "mwanamke na milling machine wapi na wapi?" Nyie someni kwanza, tutaonana mwishoni.

Mashine yenyewe ni ile ambayo kisu chake kinakaa kama gurudumu juu ya meza, na meza ndiyo inayotembea kupeleka chuma kwenye meno ya kisu. Ni ya zamani kuliko mimi. Papa aliifanyia kazi miaka mingi kwenye karakana ya shamba moja la chai. Shamba lilipofungwa, mashine ikawa inauzwa kama chuma chakavu. Papa akauza ng'ombe wawili akainunua.

Mama hakumsemesha wiki nzima.

Vita ilipotukimbiza, wenzetu walibeba magodoro. Papa alifungua ile skrubu ndefu inayosukuma meza, akaipaka grisi, akaifunga kwenye kitenge cha Mama cha harusi, akaizika katika shamba la maharage. Alisema bila skrubu hiyo mashine haimfai mwizi yeyote.

Tuliporudi, mashine ilikuwepo. Godoro halikuwepo. Habari ya kitenge tunaisikia mpaka leo.

Mimi nilikua nikifagia chembe za chuma chini ya hiyo meza. Papa alikuwa akinifundisha kidogo kidogo, kwa kuniwekea mkono wangu juu ya meza inapotembea. Alikuwa akisema, "Usiangalie sana. Sikia na mukono. Meza iko nakuambia yote." Mimi nilikuwa na haraka zangu, nikaona huo ni ushairi wa wazee. Nikaenda Goma, nikachomelea mageti, nikajiona fundi.

Kisha nikapigiwa simu kwamba Papa ameanguka.

Nilimkuta kitandani. Upande wa kulia wote umekufa, na sauti imekwenda. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakimfuata mtu. Alikuwa akila vijiko viwili vitatu, basi, anageukia ukuta. Watu wa kanisani walikuwa wakija kuomba pamoja nasi, na mmoja wao, mzee mwenye nia njema kabisa, alimwambia Mama mlangoni, "Mama, vumilia. Papa alishaenda. Munabakia na mwili tu."

Mama aliingia ndani akamkata Papa kucha.

Wakuu, hapo ndipo nilipoamua kubaki. Nilijiambia kwamba kama kuna kitu kinachoweza kumrudisha Papa, ni sauti ya ile mashine. Banda lake la zamani lilikuwa limeoza, hivyo nikaamua kujenga jipya likiegemea nyumba, upande wa chumba chake, ili asikie kazi akiwa amelala. Nyumba zetu ni za mbao na ziko kwenye mteremko. Banda likawa upande wa chini, nyumba juu.

Tunafika sasa kwenye ujinga wangu.

Nilichukua futi nikapima meza. Mita moja kamili. Nikachora kwenye karatasi. Upande wa kulia nikaacha nafasi ya kutosha kwa mkono wa kuzungushia. Upande wa kushoto, ulio kwenye ukuta wa Papa, nikaacha upana wa kiganja, kwa sababu nilitaka iwe karibu naye kabisa. Nilijipongeza.

Nikampelekea karatasi. Nikamwambia, "Papa, mashine itakaa hapa, pembeni ya ukuta yako. Utaisikia muzuri."

Aliiangalia ile karatasi muda mrefu. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akaulaza bapa juu ya blanketi, akausogeza kushoto, akausogeza kulia, kushoto tena.

Mama akasema, "Anasikia joto." Tukamtoa blanketi.

Akaurudia. Kushoto, kulia, kushoto.

Mama akasema, "Hapana, ni baridi." Tukamrudishia blanketi.

Papa akafumba macho, akageukia ukuta. Jioni hiyo hakula kitu.

Nikajenga. Vijana wa jirani walinisaidia kuivuta mashine juu ya magogo. Motor yake iliungua zamani, kwa hiyo inazungushwa kwa mkanda na injini ya dizeli ya kinu cha mihogo. Msicheke, inafanya kazi.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Neema, mwanamke wa Ntoto, kule Walikale. Alikuja na shafti ya kinu chake iliyovunjika, ameiviringisha kwenye mkeka kama mtoto mchanga. Kinu kile ndicho kinachosagia kijiji kizima. Alitaka shafti mpya yenye mfereji mmoja mrefu, sentimita arobaini na sita, wa kushikilia sahani zote za nyundo zinazosaga.

Nilikuwa na vipande viwili tu vya chuma kinachofaa, vya ekseli ya lori. Nikafunga cha kwanza, nikawasha injini, nikaanza kuzungusha. Mambo mazuri. Harufu ya mafuta, chembe zinaruka. Moyoni nasema, Papa anasikia.

Kwenye sentimita arobaini, meza ikagonga ukuta.

Wale wenye milling machine nyumbani mmeshaelewa na mmeshika vichwa. Meza ya mita moja haikai kwenye mita moja. Inatembea. Ya kwetu inakwenda sentimita thelathini kila upande, na mimi kushoto niliiachia kiganja, sentimita kumi. Nilipima meza ikiwa imesimama, kama mtu anayenunua kabati.

Badala ya kutulia nikafanya ujanja. Nikafungua chuma, nikakisogeza, nikakifunga tena, nikamalizia zile sita. Mifereji miwili haikukutana. Palikuwa na kingazi kidogo hapo katikati, unene wa ukucha tu, lakini sahani ikifika hapo haipiti. Kipande kimekufa.

Nilizima injini. Nikasimama mbele ya meza, nimeuweka mkono wangu bapa juu yake, najisemea kwa hasira, inatakiwa iende huku, irudi huku. Mkono ukawa unasogea pamoja na maneno. Kushoto, kulia, kushoto.

Nikauona mkono wangu.

Wakuu, nilikaa chini pale kwenye chembe za chuma nikalia. Papa hakuwa anasikia joto wala baridi. Alikuwa akiniambia kuhusu mwendo wa meza. Alisoma mchoro wangu, akaona kosa, akalisema mara mbili kwa mkono pekee aliobaki nao, na sisi tukamvua blanketi. Siku zote zile alikuwa humo ndani, mzima, fundi kuliko mimi, na hakuna aliyemjibu.

Nikaenda kumweleza Mama. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akaenda nyuma ya mlango akaleta msumeno.

"Kata," akasema.

"Mama, ile njo ukuta ya chumba yenu."

"Ile mashine ilikula ngombe zangu. Ikakula kitenge yangu. Ikule na ukuta."

Basi nikakata tundu kwenye mbao, la kupitisha kichwa cha meza. Na kwa sababu banda liko chini ya nyumba, kichwa cha meza kilitokea ndani karibu usawa mmoja na godoro, pembeni ya mkono wa Papa wa kushoto. Hilo sikulipanga, sina cha kujisifu. Najua kuna watu wa usalama watanikaripia, na wana haki. Kile kichwa ni bapa, hakina pembe, kinatembea taratibu mno, na Mama alikaa pale pale akimshika Papa mkono muda wote.

Nikafunga kipande cha pili, cha mwisho. Mama Neema alikuwa bado yuko kwetu, amekaa na mkeka wake mtupu.

Nikawasha. Meza ikaanza kwenda. Sikuwa naona chumbani, nilikuwa naangalia kisu.

Hata sijafika sentimita tatu, nikahisi kitu kwenye mkono wa kuzungushia. Ko. Ko. Ko. Nilikihisi kabla ya kukisikia. Nikazima injini nikidhani kisu kimevunjika.

Kimya. Halafu tena, ko, ko, ko.

Ilikuwa pete ya ndoa ya Papa juu ya chuma.

Nikaangalia kazi yangu kama nilivyokuwa naangalia ya Papa nikiwa msichana. Kwa sababu ya kuchangamkia ile nafasi mpya, nilikuwa nimeanzia upande usiofaa. Nilikuwa nikipeleka chuma kule kule meno yanakokwenda. Kwenye mashine mpya pengine unasalimika. Kwenye skrubu kuukuu yenye ulegevu, kisu kinaivuta meza mara moja, na hapo unapoteza chuma, kisu na labda vidole. Papa alikuwa na msemo wake wa karakana: "Ukienda na kisu, kisu itakubeba." Meza ilikuwa imeshaanza kuruka kidogo kidogo, mimi sikujua. Yeye alijua, kupitia ukuta, kwa kiganja kimoja.

Nikarudisha meza nyuma yote, nikaanzia upande wa pili. Nikasubiri.

Ko. Moja tu, safari hii kwenye mbao za ukuta.

Nikaenda.

Sentimita arobaini na sita bila kusimama, na ilipokwisha nilikimbilia chumbani nikiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko. Papa alikuwa ameangalia mlango. Ameniangalia mimi, wakuu, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Nilimwambia, "Papa, unisamehe, ulinionyesha na mi sikuona." Mdomo ulivutika upande mmoja. Mama anasema alikuwa anacheka. Usiku huo alimaliza sahani nzima ya maharage na foufou laini.

Mama Neema aliondoka na shafti yake kwenye mkeka. Kabla ya kuondoka aliingia kumuaga Papa, akampigia magoti kama mtu anayemshukuru fundi mwenyewe, na alikuwa sahihi.

Tulifanya kazi hivyo misimu miwili ya maharage. Ko moja, endelea. Tatu, simama. Kiganja kikikwaruza chuma, punguza mwendo. Nilijifunza katika hiyo misimu kuliko miaka yangu yote ya Goma.

Papa alituacha asubuhi moja, amekunywa uji wote.

Sikuigusa mashine muda mrefu. Nilitaka hata kuziba lile tundu, maana upepo wa Masisi mnaujua, lakini Mama hakukubali. Alihamia upande ule wa kitanda, akaning'iniza kipande cha pazia pale.

Kisha ikaja kazi ya haraka ya mwenye kinu mwingine, nikajikaza nikawasha. Nilikuwa nazungusha, mawazo yako mbali, nalia kidogo.

Ko. Ko. Ko.

Nikazima injini. Nikazunguka nyumba nikaingia chumbani. Mama amekaa kitandani, kiganja chake chenye pete kiko juu ya kichwa cha meza.

"Unaenda mbiyo," akasema. "Meza iko natetemeka vibaya."

"Mama, ulijulia wapi?"

Akaniangalia kama mtu mjinga. "Mukono yake ilikuwa juu ya meza. Yangu ilikuwa juu ya yake. Ulifikiri nilikuwa nashika nini miezi yote ile?"

Nikarudi bandani nikapunguza mwendo.

Somo la mashine ni fupi: ukileta milling machine nyumbani usipime meza tu, ongeza mwendo wake wote kushoto na kulia, halafu ndipo ujenge. Mkono wako mwenyewe unatosha kukukumbusha.

Uwanja ni wenu sasa. Mwenye mashine kuukuu aseme anaishi vipi na ulegevu wa skrubu, nahitaji ushauri, hii yetu imechoka kweli. Na wewe mwenye mzazi kitandani asiyesema, kabla hujaandika comment, nenda kwanza ukaangalie mkono wake unafanya nini.