Maji Yaliyozidi Kwenye Kichupa

Nikiwa mwaka wa pili kazini, katika maabara ndogo upande wa Ruangwa, tulipokea toleo jipya la kontroli. Kontroli ni seramu iliyokaushwa ikawa unga. Unaiyeyusha kwa mililita tano za maji safi, unaipima kama damu ya mgonjwa, na kwa kuwa jibu lake linajulikana tayari, unajua kama mashine inasema kweli. Toleo jipya halianzi kazi mpaka lipimwe sambamba na la zamani kwa siku kadhaa.

Sikufanya hivyo. Mkuu wetu, mama mmoja wa Mnero, alikuwa likizo, na foleni ilikuwa ndefu. Nikayeyusha kichupa kipya, nikapima kreatinini, kipimo cha figo ambacho kikipanda huonyesha figo zinachoka. Jibu likaja chini. Nikarudia, bado chini. Nikaamua kwamba mashine ndiyo iliyoshuka, nikaipandisha mpaka kontroli ikakaa sawa. Nilijiona fundi.

Siku ya tano mkuu alirudi, akafungua daftari.

"Toleo la zamani lilisomaje?"

"Sikulipima, mama."

Hakugomba. Alitoa kabatini pipeti yake, kile kifaa cha kuvutia na kupimia maji, akayeyusha mwenyewe kichupa cha zamani, akakipima. Kikasoma juu mno. Akayeyusha kipya, nacho kikasoma juu vilevile.

"Lete pipeti uliyotumia wewe."

Tulikwenda nayo kwenye mizani ya duka la dawa. Tulivuta maji mara tano, mililita moja kila mara; yalitakiwa yawe gramu tano. Yakawa sita. Hapo nikamwambia nilichokuwa nimekificha: mwezi uliopita niliiangusha sakafuni, nikaifuta, nikairudisha mahali pake bila kumwambia mtu. Kontroli za zamani alikuwa akiziyeyusha yeye kwa pipeti yake, ndiyo maana kosa halikuonekana mapema. Nilikuwa nimeizimua kontroli kwa maji, kisha nikaipandisha mashine ili ilingane na kosa langu. Kila mgonjwa wa siku zile alionekana na figo mbaya kuliko zilivyokuwa.

Tuliirekebisha mashine na kurudia sampuli zilizokuwa bado kwenye friji. Wengi majibu yao yalisogea kidogo tu, yasibadilishe kitu. Mkulima mmoja wa Chunyu ndiye aliyekuwa ameambiwa figo zake zimeanza kuchoka. Zilikuwa nzima. Simu yake haikupatikana, basi mkuu akanituma niende mwenyewe.

Nilimkuta uani na mkewe, wanapepeta ufuta. Nilimwamkia, nikaeleza yote, pamoja na pipeti.

"Kwa hiyo mimi si mgonjwa?" akauliza.

"Figo zako ni nzima, baba. Kosa ni langu. Nisamehe."

Akasema, "Shamba la mikorosho nimeshawagawia watoto. Juzi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji."

Mkewe aliweka ungo chini. "Wiki nzima huyu halali, anahesabu siku zake. Wewe unasema samahani?"

Niliinamisha kichwa mpaka yule mzee akamwambia mkewe aniletee maji ya kunywa.

Wanawe wawili walirudisha sehemu zao siku ileile. Kaka yao mkubwa alikataa, akisema neno la baba halirudi nyuma. Nililazimika kwenda tena Chunyu, nikasimama mbele ya mwenyekiti na watu wote, nikasoma jibu la kwanza na la pili na kueleza ni nani aliyekosea. Mwenyekiti aliuliza maswali mengi kuhusu maji. Mwishowe yule kijana alikubali, kwa shingo upande, msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, ukiwa umekaribia.

Toleo lile jipya tulilipima upya kwa siku ishirini, sambamba na vichupa vya zamani tulivyoomba kwa wenzetu wa Nachingwea. Lilikuwa zuri, halina kasoro yoyote. Mkuu aliniandikia barua ya onyo, ikaingia kwenye faili langu, na kazi ya kupima pipeti zote kila mwezi akanipa mimi.