Tazama Dari

Muuguzi wa wodi ya macho hana maneno mengi. Hukitikisa kichupa cha dawa karibu na sikio, kama anayechagua nazi sokoni, kisha husema, "Tazama dari." Husema hivyo kila saa, na wodi nzima hutazama dari, hata mlinzi aliyekuja kuomba maji. Mkono wake haujawahi kukosa jicho, ila mara moja tu.

Juzi seremala wa kitanda cha dirishani, aliyechomwa jicho na kibanzi, alikataa dawa. "Dada, daktari kasema nina ukungu. Ukungu huondoka jua likipanda." Tangu asubuhi alikuwa amelielekeza juani jicho lile jekundu, machozi yakimchuruzika, na wenzake wakimuunga mkono, maana ujinga haukosi mashahidi. Muuguzi alijua kwamba kila tone linalorukwa linaipa kuvu nafasi ya kulitoboa jicho.

"Huo si ukungu wa mlimani, kaka. Ni kuvu, kama ile inayoota kwenye mkate."

"Nina mkate jichoni?"

"Basi lifumbe," akashauri mgonjwa wa kitanda cha pili. "Humu mna panya."

Seremala akajitupa chali, jicho kalikodoa. "Tia, dada! Tia kabla hawajalila!"

Tone likaangukia puani. Muuguzi akauma midomo asicheke, akakitikisa kichupa upya. "Tazama dari," akasema, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia kuitazama, mpaka mabega yake yalipotulia. Tone la pili likaingia jichoni.